Kutoka Kaole mpaka tuzo ya Lagos: kwa nini mtoto staa hupata tabu kuwa msanii mkubwa

Juzi nimepita Barazani sokoni nikakutana na mama mmoja anachambua vitunguu, akanisimamisha. Ana binti wa miaka 9, anachekesha kweli kweli, vipande vyake vya kwenye simu vinazunguka Mang'ola yote mpaka Karatu mjini. Sasa kuna jamaa wa Arusha kapiga simu, anataka amchukue mtoto akaigize tamthilia ya vichekesho. Mama akaniuliza, "Mwanangu, wewe si mtu wa hayo mambo, nimwachie aende?" Nikamwambia, mama yangu, nipe siku mbili nitakujibu. Nimekaa nikafikiria, nikaona bora niandike kabisa maana sio yeye peke yake mwenye swali hilo.

Kwa hapa Bongo mfano mkubwa kuliko yote ni Elizabeth Michael, yaani Lulu. Kazaliwa Aprili 1995, na alipokuwa na kama miaka 5 tu akaingia Kaole Sanaa Group, lile kundi lililokuwa likirusha michezo yake ITV. Waliokuwa na televisheni miaka hiyo wanakumbuka. Kaole ndiyo ilikuwa shule ya wengi: Ray, Johari, Dokta Cheni, marehemu Kanumba, wote wamepita pale. Tofauti ni kwamba wenzake waliingia watu wazima au karibu na utu uzima. Yeye aliingia hajaanza hata darasa la kwanza, na jina la kisanii la Lulu limemganda mpaka leo.

Na hapo ndipo tatizo la kwanza lilipo. Mtu mzima akicheza vibaya leo, kesho anabadilisha nguo na ndevu anakuwa mtu mwingine. Mtoto anakaa kwenye kichwa cha mtazamaji vile vile alivyomwona mara ya kwanza. Wanakumbukwa Patrick na Jennifer, wale watoto wa kwenye filamu za Kanumba kama Uncle JJ na This Is It? Majina yao halisi ni Othman Njaidi na Hanifa Daudi. Lakini hebu waulize watu kumi pale kibanda cha video, uone wangapi wanayajua. Wamekua, sisi bado tunataka wale watoto. Kenya nako vile vile, Tyler Mbaya ni kijana mkubwa sasa lakini kwa waliokuwa wakiangalia Machachari ya Citizen TV, yeye ni Baha tu.

Vichekesho vinazidisha hali hiyo. Kwenye kichekesho mtoto anachekesha KWA SABABU ni mtoto. Anamjibu baba kama mtu mzima, watu wanavunjika mbavu. Maneno yale yale akiyasema ana miaka 19 inakuwa utovu wa nidhamu, hakuna anayecheka. Kwa hiyo akibalehe, sauti ikibadilika, anakuwa kapoteza kile kile alichokuwa analipwa nacho, na si kosa lake. (Wanaija waliligeuza hili kichwa chini miguu juu: Aki na Pawpaw tuliowaona kama watoto watundu mwaka 2002 walikuwa watu wazima, Chinedu Ikedieze alikuwa na miaka ishirini na kitu. Wao hawakuwa na hatari ya kukua.)

Tatizo la pili ni kuruka. Mtoto staa akifika miaka 15 au 16 hakuna filamu za umri huo. Bongo Movie ilikuwa na mtoto, halafu ilikuwa na mrembo wa mapenzi. Katikati hamna kitu. Basi binti anavalishwa visigino na kupewa nafasi za wanawake, na magazeti ya udaku yanaanza kumwandika kama mwanamke mkubwa. Kwa Lulu jambo hili lilifika mpaka mahakamani. Kanumba alifariki usiku wa kuamkia Aprili 7, 2012 nyumbani kwake Sinza, akiwa na miaka 28, Lulu akakamatwa na kushtakiwa kwa mauaji. Moja ya mambo ya kwanza yaliyobishaniwa ni umri wake: hati ya mashtaka ilisema 18, mawakili wake wakasema ni mtoto. Ukipiga hesabu kutoka Aprili 16, 1995, siku ile alikuwa hajatimiza hata 17. Nchi nzima tulikuwa tumeshamzoea kama mtu mzima. Mimi naona hilo tulifanya sote, watazamaji na waandishi, sio mzalishaji mmoja.

Shtaka likapunguzwa kuwa kuua bila kukusudia, akapata dhamana Januari 2013. Na hapa ndipo wengi tulidhani kaisha. Kumbe mwaka huo huo akatoka na Foolish Age, halafu Mapenzi ya Mungu, na Machi 2016 kule Lagos filamu hiyo ikachukua tuzo ya filamu bora ya Afrika Mashariki kwenye AMVCA. Novemba 2017 Mahakama Kuu ikamtia hatiani, miaka miwili. Mei 2018 akatolewa gerezani amalizie kifungo kwa kutumikia jamii. Sitaki kuingia kwenye ubishi wa kesi, kuna familia iliyofiwa na mtoto wao na mahakama imeshasema. Ninachotaka muone ni kwamba ile tuzo ilikuja baada ya yeye kuacha kuwa mtoto wa mtu kwenye filamu na kuanza kushika kazi zake mwenyewe.

Sasa pesa. Hapa ndipo yule mama anatakiwa asome vizuri.

Marekani walijifunza kwa machungu. Jackie Coogan alicheza na Charlie Chaplin kwenye The Kid mwaka 1921, akiwa mtoto mdogo, akaingiza mamilioni ya dola. Alipokuwa mtu mzima akakuta mama yake na baba wa kambo wametafuna karibu zote. Akawashtaki mwaka 1938, akaambulia kama dola 126,000 tu, maana sheria ilisema pesa ya mtoto ni ya mzazi. Watu walikasirika, mwaka 1939 jimbo la California likatunga sheria, na siku hizi lazima asilimia 15 ya malipo ya mtoto iwekwe akiba ambayo hakuna wa kuigusa. Coogan mwenyewe alirudi ukubwani, miaka ya 60, akacheza Uncle Fester kwenye The Addams Family, kipara, mnene, hatambuliki kabisa. Huenda ndiyo maana aliweza!

Kwetu je? Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka 14, na kazi yenyewe iwe nyepesi isiyoharibu afya wala shule. Inakataza pia kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi. Halafu kuna mkataba wa kimataifa namba 138 ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1998, huo unaruhusu nchi kutoa kibali cha mtoto mmoja mmoja kushiriki sanaa, kibali chenyewe kitaje saa na masharti. Lakini kwenye seti za huku mtaani mambo ni ya kupeana mkononi: mtoto anacheza, mzazi anapewa bahasha, biashara imeisha. Filamu ikirushwa mara hamsini, mtoto hana chake.

Leo asubuhi nimerudi kwa yule mama. Nikamwambia: mkataba uwe wa maandishi na jina la mtoto liwemo. Pesa iingie akaunti ya mtoto, mabenki yetu wanazo. Arekodi wakati wa likizo na mchana, na wewe au shangazi yake muwe pale pale, sio kwenye simu. Na mwambie jamaa asitumie jina lake halisi kama jina la mhusika, akikua atalihitaji.

Akanisikiliza mpaka mwisho huku mkono unatupa vitunguu vibovu pembeni. Akauliza, "Na nikimwambia yote hayo akasema basi anachukua mtoto mwingine?"

Nikamwambia anaweza kusema hivyo kweli. Jamaa kasema atapiga simu tena Jumamosi.