Pikipiki za Kale: Tuzitunze au Tuzigeuze?

Katika banda la misheni yetu, nyuma ya karakana ya useremala, imelala pikipiki moja ya kale aina ya BSA M20. Padre mmoja aliipanda zamani alipokuwa akizungukia vigango, na tangu alipoondoka haijaunguruma tena. Muhula uliopita mnunuzi wa vyuma chakavu alifika na mizani yake, akataka kuinunua kwa kilo. Bwana Mkuu wa Shule alimwambia angoje, kisha akatuita sisi wa Chama cha Ufundi akatuuliza, “Nanyi mtaifanyia nini?”

Papo hapo tuligawanyika makundi mawili. Wengine walisema irudishwe vile vile kama ilivyotoka kiwandani, hata rangi yake. Wengine wakasema ikatwe, ipunguzwe uzito, iwe pikipiki ya mbio kama zile za picha. Mdahalo ulikuwa mkali sana, lakini nilitambua kwamba wengi wetu tulikuwa tukibishana juu ya jambo tusilolijua vema. Kwa hiyo nimeona afadhali nieleze kwanza desturi hii ya kugeuza pikipiki ilianzaje, na kwa sababu gani, kabla ya kutoa shauri langu.

Tuanze Uingereza. Baada ya Vita Kuu ya Pili vijana wa kule walipoanza kupata mishahara mizuri kidogo, wengi walinunua pikipiki. Jioni walikutana katika mikahawa iliyokuwa kando ya barabara kuu. Mmoja uliojulikana sana ni Ace Cafe, ulioko London katika barabara ya North Circular. Ulifunguliwa mwaka 1938, ukafungwa 1969, na mwaka 2001 ukafunguliwa tena. Hapo vijana walishindana mwendo kutoka mkahawa mmoja hata mwingine, na pikipiki zao zikaitwa za mbio za mkahawa. Tamaa yao kubwa ilikuwa kufikisha maili 100 kwa saa, yaani kama kilomita 160. Wapo waliofikisha, na wapo waliokufa barabarani wakitafuta sifa hiyo.

Basi pikipiki ya kununua dukani haikuwatosha. Waliondoa usukani mrefu wakafunga vishikio vifupi chini kabisa, wakarudisha vikanyagio nyuma, wakaweka kiti cha mtu mmoja. Mtu asiyejua atadhani ni mapambo tu. Lakini ukienda kasi, upepo unakupiga kifuani na kukuzuia. Ukilala juu ya tangi, kifua chako hakiukabili tena upepo, na injini ile ile yaweza kukupeleka mbele zaidi. Hivyo kila badiliko lilikuwa na kazi yake.

Lililosifiwa kuliko yote ni lile la kuoanisha pikipiki mbili. Kampuni ya Triumph ilikuwa na injini nzuri ya silinda mbili. Edward Turner ndiye aliyeibuni, ikatokea katika Speed Twin ya mwaka 1937, na kutoka ukoo huo ikazaliwa Bonneville ya mwaka 1959 yenye sentimita za ujazo 650 na kabureta mbili. Injini ilikuwa na nguvu, tena ilikubali kuongezwa nguvu zaidi. Lakini fremu za Triumph za siku hizo hazikusifiwa kama injini yake; penye kona, kwa mwendo mkali, pikipiki iliweza kuyumba.

Kampuni ya Norton nayo ilikuwa na fremu bora. Ilibuniwa na ndugu wawili wa Belfast, akina McCandless, na mwaka 1950 Geoff Duke alishindia mbio za Senior TT katika kisiwa cha Man akiwa juu yake. Harold Daniell alipoijaribu alisema kwamba ilikuwa kama godoro la manyoya, na jina hilo likabaki. Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Watengenezaji wa magari madogo ya mbio yenye injini za sentimita za ujazo 500 walizitaka sana injini za Norton za mashindano, lakini kampuni haikupenda kuuza injini peke yake. Ikawabidi wanunue pikipiki nzima, watoe injini, waiache fremu. Ndipo fremu nzuri zikabaki bila injini, na wenye injini ya Triumph wakazichukua. Pikipiki iliyozaliwa kwa ndoa hiyo iliitwa Triton, nusu jina la baba na nusu la mama. Mpaka leo watu huziunda na kuzithamini.

Marekani desturi ilishika njia nyingine. Baada ya vita kwisha mwaka 1945, askari wengi waliorudi nyumbani walizikata madigadi pikipiki zao nzito, wakaondoa kila chuma wasichokihitaji ili ziwe nyepesi. Baadaye mafundi walizidi kukata na kuunga. Foko za mbele zikarefushwa zikaelekea mbele, usukani ukapanda juu, gurudumu la mbele likawa jembamba. Hizo ndizo chopa. Zilienea duniani kwa ajili ya sinema ya Easy Rider ya mwaka 1969, ambamo Peter Fonda anapanda Harley-Davidson yenye tangi lililopakwa rangi za bendera ya Marekani.

Dunia nzima ilimjua Fonda. Ni wachache waliojua kwamba chopa zile zilikuwa kazi ya Wamarekani weusi wawili: Cliff Vaughs, aliyesimamia ubunifu wake, na Ben Hardy, fundi wa Los Angeles aliyeziunda. Zilianza kama pikipiki za polisi zilizokwisha tumika. Sinema ilipoonyeshwa, majina yao hayakuandikwa, na miaka mingi ikapita kabla watu hawajaanza kuwataja. Nawaombeni mlikumbuke jambo hili, maana nitalirudia.

Je, chopa ni nzuri kuendesha? Tazameni gurudumu dogo la kitanda cha hospitali. Halikufungwa moja kwa moja chini ya mhimili wake, bali limesogea nyuma kidogo. Ndiyo sababu kitanda kikisukumwa, gurudumu hufuata lenyewe. Pikipiki ni vivyo hivyo. Ukivuta mstari kwa kufuata mhimili wa usukani hata chini, utagusa ardhi mbele kidogo ya mahali tairi linapoikanyaga. Nafasi hiyo ndiyo inayolifanya gurudumu lipende kunyoka. Fundi akilaza mhimili wa usukani na kurefusha foko, kwa kawaida nafasi hiyo huongezeka. Katika barabara ndefu iliyonyoka pikipiki hutulia kabisa. Lakini penye kona usukani huwa mzito, na katika mwendo wa polepole gurudumu hutaka kuangukia upande. Barabara za jangwa za Marekani zaifaa. Njia yetu ya kwenda sokoni, yenye mashimo, mbuzi na boda boda kila upande, haiifai hata kidogo.

Sasa turudi bandani kwetu. M20 ilianza kutengenezwa mwaka 1937, na wakati wa vita jeshi la Uingereza liliagiza zaidi ya 120,000. Ina silinda moja ya sentimita za ujazo karibu 500, nguvu za farasi kama 13 tu, na uzito wa karibu kilo 170. Mbio zake ni kilomita 95 kwa saa au karibu na hapo. Vali zake zimesimama kando ya silinda, si juu yake. Kwa hiyo hewa na petroli lazima zipinde kona kabla ya kufika juu ya pistoni, na injini haiwezi kuvuta pumzi upesi. Lakini haihitaji petroli ya hali ya juu, inavuta kwa nguvu ingawa inazunguka polepole, na magneto yake hutoa cheche bila betri. Ilikusudiwa kumfikisha mtu, hata akichelewa.

Kwa sababu hizo nasema kwamba kuifanya hii kuwa pikipiki ya mbio ni kumvisha punda matandiko ya farasi. Tutalala juu ya tangi kama vijana wa London, na boda boda zenye abiria wawili zitatupita zikipiga honi. Waliounda Triton walikata kwa kuwa walijua wanachokitafuta. Sisi tungekata kwa ajili ya picha.

Hata hivyo siwaungi mkono kabisa wale wanaotaka kila skrubu iwe ya kiwandani. Tulimwalika fundi wa boda boda wa mjini kwetu aitazame. Aliizunguka mara mbili, akacheka akasema, “Wanangu, chuma kisichotembea huliwa na kutu na sifa zake zote.” Anasema kweli. Taa yake ya volti 6 haimulikii mtu shimo usiku, na breki zake zilifanywa kwa barabara zenye magari machache. Kuweka taa yenye nguvu, vitambaa vipya vya breki, na tairi jipya badala ya lile lililopasuka, hakuiondolei pikipiki heshima yake. Wala tusisahau kwamba padre mwenyewe aliigeuza. Nyuma alifungia keria pana ya chuma ya kubebea sanduku la misa. Kiwanda hakikuijua keria hiyo, lakini mimi sitaki iondolewe, maana nayo imekuwa historia.

Shauri langu ni hili. Kwanza, tusikate fremu wala tusiguse namba zilizopigwa juu ya fremu na injini, kwa kuwa kilichokatwa hakirudi. Pili, kila tunachoongeza kifungwe kwa bolti, ili atakayekuja aweze kukiondoa. Tatu, kila tunachoondoa kiwekwe sandukuni, kisitupwe. Nne, tuwe na daftari, na ndani yake yaandikwe majina ya wote waliotia mkono, hata kijana wa kidato cha kwanza aliyesugua kutu tu, yasije yakawapata yaliyowapata Vaughs na Hardy.

Bwana Mkuu ametupa muda hata mwisho wa muhula huu. Kabureta haipo, na kifuniko cha tangi hakipo. Ninyi wanafunzi wa zamani mliosoma hapa padre alipokuwa bado akiendesha, kama kuna mwenye vitu hivyo nyumbani kwake, hatutauliza vilifikaje huko. Tuleteeni tu. Na asiye na kitu, lakini anakumbuka ilikuwa na rangi gani kabla haijapakwa hii ya kijani, atuandikie barua. Mnunuzi wa vyuma chakavu ameahidi kurudi na mizani yake.