Masaa 250 ku kazi, miaka miwili ku nyumba

Kule kariere hakuna mtu anabishana juu ya masaa 250. Konteri ya buldoza ikifika pale, mashini inatoka kazini na kuingia atelie. Mafuta ya motere inamwangwa, filtri inatolewa, mupya inawekwa, hata kama shefu wa produksio analalamika juu ya tani. Konduktere anajua, makanisie anajua, hata mulinzi wa mulango anajua. Kiisha ile saa ya jioni, konduktere yule yule anapanda Toyota yake ya 2003. Umuulize vidanji ya mwisho ilikuwa siku gani, anaangalia juu sawa mtoto wa masomo mbele ya mwalimu. Mbele ya Noeli? Noeli ya mwaka gani?

Sisi wa delegasio ya sendika tunaona matokeo yake. Mtu anakuja kuomba tumusaidie apate avansi ya mshahara. Haiko ugonjwa, haiko kilio. Ni motere. Taksi ya bibi imekufa katikati ya Likasi na Lubumbashi, na ile taksi ndiyo ilikuwa inalipa minervali ya watoto wane. Makanisie amefungua, amekuta motere ndani imejaa matope meusi, vilangi vimekwanguka, krankshafti imeungua. "Lakini mi naongezaka mafuta kila wakati!" Ndiyo, ulikuwa unaongeza. Haukukuwa unabadilisha. Ni mambo mbili.

Wazee wa Gécamines wanajua bei ya jambo hili kuliko sisi. Katika 2003 na 2004, wakati wa ile tuliita depar volonteri, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka na dekonti yao mkononi. Kuko wale walinunua motokari juu ya kufanya taksi, na ile motokari ndiyo ilikuwa pansio yao. Pansio yenye kutembea mu vumbi la Katuba bila vidanji haifiki mbali.

Kilometa ao masaa?

Kitabu cha fabrikanti kinaandikaka kazi za aina mbili: kazi ya kawaida na kazi ya nguvu. Kwa kazi ya nguvu, vidanji inakuja mara mbili haraka. Na kazi ya nguvu ni nini? Ni vumbi. Ni safari fupi fupi. Ni kusimama mu ambuteyaji motere inazunguka. Ni kubeba mzigo. Ni taksi. Soma tena ile lista, bandugu: ni Lubumbashi, ni Kolwezi, ni Kasumbalesa kila siku ya Mungu. Basi yule jirani anakuambia "huko Ulaya wanafanyaka kilometa 15,000", umuache na Ulaya yake. Kule wana mafuta ya sentetiki, motere mupya na barabara ya lami mpaka mulangoni.

Sisi wa migodi tuko na hesabu yetu, na ni nzuri kuliko ya jirani. Hesabu ya masaa. Motokari ya mu mji, na taa za barabara, mashimo na kungojea abiria, inatembea karibu kilometa 20 kwa saa moja ukitia vyote pamoja. Masaa 250 mara 20 ni kilometa 5,000. Ndiyo hii: kwa motokari ya zamani ya esansi, na mafuta ya minerali ya kawaida, vidanji ni kila kilometa 5,000, ao kila miezi sita hata kama haijafika pale. Miezi sita, juu mafuta inazeeka hata motokari ikilala. Motere yenye kuwashwa asubui ya baridi ya mwezi wa saba, iende soko, irudi, izimwe, haijapata moto wa kutosha. Mayi ya mvuke na esansi kidogo vinabaki ndani ya mafuta, havipati nafasi ya kutoka. Motokari ya mama inayoenda ku kanisa tu inaweza kuwa na mafuta mubaya kuliko ile ya Kolwezi–Lubumbashi.

Taksi ni ingine. Kilometa 150 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni kilometa 3,900. Masaa kumi ya motere kwa siku, siku 26, ni masaa 260. Hesabu zote mbili zinakutana pamoja: taksi ni vidanji moja kila mwezi. Shofere atakuambia ni kupoteza versema. Umuonyeshe bei ya motere okazio, halafu umuulize versema ngapi.

Na kama konteri ya kilometa imekufa? Kwa motokari zetu ni jambo la kila siku. Basi hesabu esansi. Toyota ndogo ya zamani inakunywa litri 8 mpaka 10 kwa kilometa 100 mu mji. Litri 400 mpaka 500 zikipita ndani ya tanki, kilometa 5,000 zimepita. Tia kijitabu mu gari, uandike kila mara unatia. Ao kata kipande cha kartoni, andika tarehe na aina ya mafuta, bandika chini ya kapo.

Rangi inadanganya

Watu wengi wanapima mafuta kwa macho. "Ingali safi, angalia." Ao kinyume: "Imekuwa nyeusi, ni mafuta mubaya." Yote mawili si kweli. Mafuta mazuri iko na dawa ndani ya kuosha motere. Inabeba masizi na kuyashikilia, ndiyo sababu inageuka nyeusi. Mu motere ya mazuti inakuwa nyeusi hata kisha siku chache. Ile ambayo inabaki rangi ya asali miezi mingi, mimi ndiyo naiogopa: pengine haioshi kitu. Jambo lenye kuisha ni ile dawa, na jicho haliioni.

Lakini kuko rangi moja ya kuogopa kweli. Ukivuta kipimo ukute mafuta sawa kahawa yenye maziwa, ni mayi imeingia, mara mingi ni jwenti ya kichwa cha motere. Usiwashe tena. Na kama taa nyekundu ya mafuta inawaka mu barabara, zima pale pale, hata kama uko mu giza, hata kama abiria wanatukana. Ile taa haisemi "mafuta imepunguka kidogo". Inasema presio ya mafuta haiko tena, na chuma iko inakwangua chuma.

Kipimo chenyewe: asubui, motere baridi, motokari mahali sawasawa. Kila juma kwa motokari ya zamani, kila siku kwa taksi. Kati ya alama ya chini na ya juu ni karibu litri moja. Motere ya zamani inakula mafuta, ni kweli, moshi wa buluu unaonyesha. Kuongeza ni lazima, lakini mafuta mupya juu ya mubovu ni sawa kumwanga maziwa mupya ndani ya maziwa yenye kulala siku tatu. Na usipitishe alama ya juu, ingine itatafuta njia ya kutokea.

Mapafu ya motere

Hapa nataka kukaa kidogo, juu ni jambo letu. Ile vumbi nyekundu na ya kijivu ya kiangazi iko na silisi ndani, ile ile silisi inaleta silikozi mu mapafu ya mtu wa kuboa mawe. Ni kigumu kuliko chuma ya motere. Mu mapafu inaacha vidonda, mu silindri inafanya kazi ya papie emeri. Sisi tunapigana mwaka kwa mwaka tupate maski zenye kufaa, tunakataa kuvaa maski yenye kutoboka. Basi filtri ya upepo ndiyo maski ya motere, na hapo tunakubali yoyote.

Kila juma mbili za kiangazi, fungua sanduku ya filtri, toa, gonga polepole chini. Usioshe filtri ya karatasi na mayi wala esansi. Na ile kompresere ya kutia pumzi mu mipira, watoto wa garaji wanapenda kuipiga karibu karibu kwa nguvu yote: karatasi inapasuka matundu madogo, filtri inaonekana safi, na vumbi inapita moja kwa moja. Kama ni lazima kupuliza, ni kutoka ndani kwenda inje, kwa nguvu kidogo, na mbali. Kiisha tia taa ndani: ukiona mwangaza wa tundu, tupa. Kwa njia za udongo, mupya mbili kwa mwaka, moja katikati ya kiangazi na moja mvua ikianza, haiko mingi. Angalia pia kama ule mupira wa kutoka ku sanduku mpaka ku motere haukupasuka. Filtri mupya na mupira wenye kupasuka ni kazi bure.

Filtri ya mafuta yenyewe inabadilishwa kila vidanji. Si "mara moja ndiyo, mara moja hapana". Ndani yake kuko kilango kidogo: filtri ikijaa uchafu, kinafunguka, mafuta inapita bila kuchujwa juu motere isikose. Kwa hiyo filtri ya kujaa haikuambii kitu, inaacha tu uchafu uzunguke. Na inaficha mafuta ya zamani: Toyota za motere 1NZ, kama IST na Vitz zingine, zinaomba litri 3.7 ukibadilisha filtri na 3.4 usipobadilisha. Ile 0.3 ni uchafu umebakisha mu nyumba. Wakati wa kufunga, paka mafuta ku mupira wa filtri, hakikisha ule mupira wa zamani haukubaki umebandika ku motere, kaza kwa mkono, si kwa ufunguo. Washa, angalia chini kama inavuja.

Kwa wenye mazuti, filtri ya karburanti ni jambo kubwa zaidi. Mazuti ya bidoni za barabarani inakuja na mayi na mchanga. Mwanga mayi ya chini ya filtri kila juma.

Mafuta gani

Ku bidoni kuko maandishi mbili za kuangalia. Ya kwanza, uzito: 15W-40 inafaa motokari mingi za zamani hapa kwetu. 20W-50 ni nzito, inasaidia motere yenye kuchoka na kula mafuta, lakini asubui ya baridi inachelewa kupanda. Motere kama ile 1NZ inapenda mafuta nyepesi, 5W-30 ao 10W-30. Ukiona imechoka, 15W-40 inavumilika. Ya pili ni herufi za API. S ni ya esansi, C ni ya mazuti, na herufi inayofuata ikienda mbele mu alfabeti, mafuta ni ya kisasa zaidi. SL, SM, SN ni sawa. Bidoni ya bei chini yenye SA ao SC ni mafuta ya wakati wa babu zetu, haina dawa ya kuosha ya kutosha. Na kama haina maandishi yoyote, acha.

Tuseme pia ile jambo watu wanasema kwa sauti ya chini. Kuko mafuta inatoka usiku mu bidoni ya njano, ya "kule ndani". Mara ingine ni mafuta ya idroliki: haiko ya motere, haioshi, haivumilii moto ule. Na hata ikiwa ya motere, Sheria ya kazi ya 2002 inaruhusu mwajiri kufukuza bila preavi kwa kosa kubwa, na wizi ni kosa kubwa. Mbele ya wakubwa, sendika haina neno la kusema juu ya mtu na bidoni ya litri tano. Miaka kumi na mbili ya ansiente juu ya litri tano.

Kama umenunua motokari na haujui historia yake, ao umekaa miaka miwili bila vidanji, usitie dawa kali ya kuosha motere. Matope inatoka yote mara moja na kufunga njia ya mafuta. Fanya vidanji na filtri, tembea kilometa 1,000, fanya tena. Polepole inajiosha.

Ile mafuta chafu, bamama, isimwangwe mu lupango kufunga vumbi, isitiwe karibu na kisima, na watoto wa garaji wasinawe nayo. Ikikaa ku ngozi siku mingi inaleta magonjwa, hata kansere. Tia glovu, rudisha mafuta mu bidoni, peleka garaji yenye kukusanya.

Mwisho, juu ya bei. Mu atelie mbili tunazojua, wafanyakazi wamejipanga: wanachanga, wananunua fûti nzima ya litri 208 kwa muuzaji wa kweli, yenye kufungwa, na fakture. Kwa motokari za litri nne, ni vidanji 52. Bei ya litri inashuka, na hakuna mtu anauziwa mafuta ya kupikwa upya mu bidoni nzuri. Juu hii biashara ya bidoni iko: wanaokota tupu zenye etiketi, wanajaza uchafu, wanafunga na gundi. Kwa hiyo ukimaliza bidoni yako, toboa chini na msumari mbele ya kuitupa.