Pasi 900 kwa Bao Moja

Pasi moja inaporekodiwa na kampuni za takwimu za siku hizi huacha maelezo mengi: nani kaipiga, ilianzia sehemu gani ya uwanja, ikaishia wapi, sekunde ya ngapi, na kama ilifika au ilinaswa njiani. Mechi moja ya ligi kubwa hutoa mamia ya rekodi kama hizo. Ukizijumlisha tu unapata namba ambayo mtangazaji huisoma wakati wa mapumziko, na haikuambii mengi. Mtindo wa timu huanza kuonekana unapoigawanya namba hiyo kwa kitu fulani, na ugumu wa kazi hii ni kujua ugawanye kwa nini.

Aliyetuachia somo hilo bila kukusudia ni Charles Reep, mhasibu katika jeshi la anga la Uingereza. Machi 1950, akitazama Swindon Town ikicheza na Bristol Rovers, alichukua kalamu akaanza kuandika kila shambulizi, kazi aliyoiendeleza kwa miongo kadhaa. Mwaka 1968 yeye na mtakwimu Bernard Benjamin walichapisha matokeo: mabao mengi hutokana na mashambulizi ya pasi tatu au pungufu. Watetezi wa mpira mrefu Uingereza wakapata hoja. Pigeni mbele, pasi za nini?

Hesabu ya Reep ilikuwa sahihi. Aliyoyahitimisha ndiyo yaliyopotoka. Mpira hupotea upesi, kwa hiyo mashambulizi mengi ni mafupi, yawe yamezaa bao au la. Tuseme katika msimu timu imefanya mashambulizi mafupi 900 yakazaa mabao 9, na marefu 100 yakazaa mabao 2. Ukihesabu mabao, mafupi yameshinda kwa mbali. Ukigawanya, kila mafupi 100 yameleta bao 1, na marefu 100 yameleta 2. Mwaka 2005 Mike Hughes na Ian Franks walipiga hesabu ya namna hiyo kwa mechi za Kombe la Dunia, wakaona kwamba kwa kila shambulizi, msururu mrefu wa pasi huzaa mabao zaidi.

Kwa upande wa ulinzi, pasi za kuhesabu ni za mpinzani. Kipimo maarufu kinaitwa PPDA. Chukua pasi alizopiga mpinzani ndani ya asilimia 60 ya uwanja kuanzia lango lake, ugawanye kwa idadi ya mara ambazo timu yako ilikwenda kumpokonya, ikanasa pasi au ikacheza faulo katika eneo hilohilo. Mpinzani akipiga pasi 240 nanyi mkamwingilia mara 30, jibu ni 8: mnakabia juu. Mkimwingilia mara 12 tu, jibu ni 20: mmeshuka, mnamsubiri. Nakipenda sana kipimo hiki, kwa sababu kinamtambua mshambuliaji anayewakimbiza mabeki dakika zote bila kufunga, ambaye orodha ya wafungaji haimwoni kabisa.

Lakini 20 si dalili ya ulinzi mbovu. Tarehe 7 Novemba 2012, Celtic iliikaribisha Barcelona mjini Glasgow katika Ligi ya Mabingwa. Barcelona walipiga pasi zaidi ya 900. Celtic hawakufika 200. Victor Wanyama wa Kenya akafunga kwa kichwa kutokana na kona. Dakika ya 83 kipa Fraser Forster akabutua mpira mrefu, Xavi akaukosa, Tony Watt akaufuata na kuutia wavuni. Messi alifunga katika muda wa nyongeza, lakini Celtic wakashinda 2-1.

Celtic waliwaachia Barcelona mpira mbali na lango, wakajaza watu mbele ya boksi. Kuliona hilo kwenye data, bakiza pasi zilizopenya hadi ndani ya boksi, kisha uzigawanye kwa pasi zote za mpinzani. Timu mbili zenye PPDA ya 20 zinaweza kutofautiana sana hapo: moja inapenywa na pasi 2 katika kila 100, nyingine na pasi 8. Ya kwanza imechagua kukaa nyuma. Ya pili imesukumwa huko. Hata Celtic hawakuzuia zote, maana Forster aliokoa mipira mingi usiku ule, na kwa hesabu ya pasi peke yake kazi yake haionekani. Ndiyo sababu sura inayofuata inahusu mashuti.