Foto kubwa ya ku ukuta: filimu gani, lenzi gani?

Wandugu wa mgodi, pamoja na mama na watoto ku nyumba, leo tunaweka kando mambo ya mushahara. Kuko swali ingine inarudi kila mara Mei 1 inakaribia. Sendika inataka foto ya ekipe nzima, kubwa, metre moja na nusu ao mbili, ya kupachika ku ukuta wa chumba cha mikutano. Franga zinachangwa, kadre inatengenezwa, foto inafika, na nyuso zimekuwa kama uji. Mjane anakuja kumuonyesha mtoto baba yake, anakosa pa kuweka kidole. Hapo kazi yote imekufa, hata kadre ikiwa ya mbao nzuri.

Shida haianzie ku mashini ya kuchapa. Inaanza siku ya kupiga, ku ukubwa wa filimu.

Tuhesabu pamoja. Watu 60, mistari 3 ya watu 20: ni upana wa metre 10 hivi. Filimu ndogo ile wengi tunajua, ya 24x36, iko na upana wa milimita 36 tu. Ukiingiza metre 10 mu milimita 36, uso wa mtu unapata nusu ya milimita. Nusu ya milimita! Mule munapaswa kuingia macho mawili, pua, na kovu ya ku shavu. Halafu unaomba labo ivute ile nusu ya milimita mara 50, juu foto ifike metre 1,80. Chembe za filimu zinapigania nafasi na macho ya watu. Mu filimu ya 6x7, ile ya kuviringwa mu karatasi, uso ule ule unapata milimita moja, na foto inavutwa mara 26 hivi. Mu filimu ya inchi 4 kwa 5, ile inaingia moja moja mu kamera ya mvukuto, uso unakaribia milimita mbili, na unavuta mara 15 tu. Ukipima eneo, ile filimu inapita ya 24x36 karibu mara 13.

Wapiga foto watakujibu: foto kubwa inaangaliwa kutoka mbali, umbali kama wa kona mpaka kona yake, basi usihangaike. Kwa foto ya mlima ni kweli. Kwa foto ya wafanyakazi si kweli hata kidogo. Nani aliona jamaa ya mchimbaji ikisimama mbali? Kila mtu anakaribia mpaka pua inagusa kioo, anatafuta wake.

Lakini filimu ndogo nayo iko na kazi yake. Mu 1986, Mbrazili Sebastião Salgado aliingia mu shimo la dhahabu la Serra Pelada, kwao Brazil, kwenye maelfu na maelfu ya watu walikuwa wanabeba mifuko ya udongo ku mgongo na kupanda ngazi. Alitumia filimu ya 24x36. Kamera ya miguu mitatu ingefanya nini ku zile ngazi? Foto zake zinachapwa kubwa, chembe zinaonekana, na hazisumbui, juu zinafanana na vumbi lenyewe. Mkanada Edward Burtynsky alifuata njia ingine: mu miaka mingi alipiga migodi na takataka zake na kamera ya inchi 4 kwa 5, kama ule mto mwekundu wa takataka za nikeli ku Sudbury, mu 1996. Mule unaweza kuona kila jiwe. Mimi, kama mtu wa sendika, naona kasoro moja: mawe yote yako, watu wako wachache sana. Kwa kazi yetu tunataka ule uwazi wa Burtynsky, lakini juu ya nyuso za Salgado.

Sasa lenzi, ile tunaita objektifu. Mpiga foto mwenye haraka atachukua lenzi pana, ya milimita 28 ku filimu ndogo, juu inamruhusu kusimama metre 8 tu. Angalieni wale wa ku pembeni: vichwa vyao vinavutwa, vinapanuka karibu moja ya tano. Na ku pembeni ndipo vijana na wajornalie wanawekwa kila siku! Mwambieni arudi nyuma. Na lenzi ya kawaida, milimita 50 ku filimu ndogo, 90 ku 6x7, 150 ku inchi 4 kwa 5, atasimama metre 13 ao 14, na vichwa vitabaki vichwa. Kama kiwanja ni kidogo, pangeni mistari kama upinde kidogo kuzunguka kamera.

Filimu kubwa iko na deni yake. Mstari wa mbele ukionekana wazi, wa nyuma unapotea mbio. Inafaa kufunga diafragma: 8 inatosha ku filimu ndogo, 11 ao 16 ku 6x7, 22 ku ile kubwa. Ukifunga, mwangaza unapunguka. Na filimu ya 100, mu kivuli cha asubuhi, ni 1/8 ya segonde hivi: kamera ku miguu mitatu, na watu wasimame kimya, hata mcheshi wa ekipe. Saa sita ya mchana msikubali, juu kaske inatupa kivuli ku macho ya kila mtu.

Na wale wazee walishafariki? Fungueni masanduku. Mu studio nyingi za zamani walitumia filimu ya 6x6, na ile negatifu inaweza kutoa foto ya ku ukuta bila shida. Ipimeni na regle mbele ya kuitupa. Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi, mu kazi yake «Mémoire» ya 2006, alitoa wafanyakazi mu foto za arshivu na kuwasimamisha mbele ya mitambo ya leo iliyokufa. Bila zile foto za zamani kutunzwa, hangekuwa na mtu wa kusimamisha.

Jambo la mwisho, muandike mu mapatano na mpiga foto mbele ya kulipa: negatifu inabaki ku sendika, mu bahasha kavu, pamoja na karatasi ya majina, mstari kwa mstari, kutoka kushoto.