Mgonjwa wa akili tumpeleke kwa nani?

Katika misioni moja tuliyotumikia, mama mmoja alituletea kijana wake asiyelala tena usiku, mwenye kusikia sauti za watu wasioonekana. Tulimbariki, tukamwagiza mama asali novena, tukawarudisha nyumbani. Miezi minne ikapita kabla ya mganga kumwona. Kosa lilikuwa letu: hatukujua wanaotibu akili ni watu gani, wala wamesoma nini.

Wa kwanza ni pisikiatre. Huyu ni mganga kamili wa hospitali (hatusemi mfumu wa kijijini). Amemaliza masomo yote ya uganga, kisha akaongeza miaka mingine ya kujifunza magonjwa ya akili mbele ya wagonjwa wenyewe. Kwa hiyo anaweza kupima mwili, kuandika dawa na kumlaza mgonjwa. Kupima mwili si jambo dogo: malaria ikipanda ubongoni, mtu hupayuka kama mwenye wazimu. Kijana wetu alimhitaji huyo.

Pisikologe si mganga, wala haandiki dawa. Katika universite amejifunza nafsi na mwenendo wa watu. Yeye husikiliza, hupima akili kwa maulizo yaliyotungwa kwa ufundi, na huponya kwa maongezi yenye njia yake. Mama aliyetendewa jeuri vitani, mjane asiyetaka tena kutoka nyumbani, hao watapata msaada kwake. Maseminari wengine wanamwogopa. Basi wajue kwamba maagizo ya Roma ya mwaka 2008 yanadai mwombaji akubali kwa hiari kabla ya kupimwa, tena pisikologe asihesabiwe kati ya walezi wa seminari.

Lakini mapisikiatre ni wachache, nao wanakaa mijini. Kijijini tutamwona kwanza infirmie. Wengine wamejifunza hasa kazi hii. Na tangu 2008 Shirika la Afya la Ulimwengu lina mafundisho kwa mainfirmie na waganga wa kawaida, wapate kutambua kifafa, huzuni kuu na wazimu. Katika Bukavu iko nyumba ya SOSAME, ya Wafurere wa Mapendo.

Na jirani wakisema ni shetani? Kanuni 1172 inamkataza padri kufukuza pepo bila ruhusa wazi ya Askofu, na kitabu cha ibada hiyo cha 1999 kinataka, ikihitajika, waganga waulizwe kwanza.

Katekista na amwandikie infirmie barua siku ileile: ugonjwa ulianza lini, mgonjwa analala saa ngapi, amekunywa dawa gani za mfumu. Padri pia aandike, ila ya kitubio hayaandikwi kamwe.