Injini moja iliwaka moto, rubani akazima nzima!

UKIKAA kijiwe chochote cha wapenda soka ikatajwa Zambia, hakosi mtu wa kusema, "Wale jamaa ndege yao ilishika moto ikawamaliza." Mimi huwa nabisha. Moto ulikuwepo, tena kweli, lakini haukuiangusha ndege ile peke yake.

Ilikuwa Aprili 27, 1993. Chipolopolo walikuwa wanakwenda Dakar kucheza na Senegal, kuwania tiketi ya Kombe la Dunia la 1994. Siku mbili tu nyuma walikuwa wameichapa Mauritius 3-0. Unadhani walipanda ndege ya abiria, wahudumu wakiwaletea soda? Wapi! Chama chao cha soka kilikuwa hoi kifedha, wakapandishwa Buffalo ya Jeshi la Anga la Zambia, ya injini mbili za pangaboi. Ilibidi iwe inatua njiani kujaza mafuta: Brazzaville, Libreville, Abidjan.

Pale Brazzaville injini ikaonekana ina walakini. Safari ikaendelea! Hapo ndipo hasira hunipanda, maana hata dereva wa daladala akisikia injini inakohoa hufungua boneti.

Usiku wakaruka kutoka Libreville. Muda mfupi baadaye injini ya kushoto ikashika moto. Sasa msomaji wangu, ndege ya injini mbili ikipoteza moja haianguki kama embe. Unazima ile inayowaka, unaikatia mafuta, unarudi uwanjani na iliyobaki. Rubani akazima ya kulia. Ile nzima! Ndege ikabaki haina nguvu hata kidogo, ikatumbukia baharini kama mita 500 kutoka ufukweni. Watu wote 30 wakafa, wakiwemo wachezaji 18, kipa Efford Chabala akiwa mmoja wao, na kocha Godfrey Chitalu.

Lakini usimlaani rubani haraka. Siku iliyotangulia alikuwa ametoka kuirusha timu kutoka Mauritius, kachoka. Halafu ripoti ya Gabon ilieleza kuwa taa ya tahadhari ilikuwa mbovu. Mtu kachoka, ni usiku, na taa inamdanganya! Ripoti hiyo yenyewe ilitoka 2003, miaka kumi baadaye. Wajane walisubiri mpaka watoto wakaota ndevu.

Kalusha Bwalya alipona kwa kuwa alikuwa akicheza Uholanzi, PSV, na angewakuta wenzake Dakar. Mwaka 1994 aliiongoza timu mpya, ya kuungaunga, hadi fainali ya Afrika kule Tunis, wakafungwa na Nigeria 2-1.

Februari 2012 fainali ikachezwa Libreville, mji uleule. Vijana wa Zambia kwanza walikwenda ufukweni kuweka maua. Kisha wakaitoa Ivory Coast, ya kina Drogba, kwa penalti 8-7. Kombe likapelekwa Lusaka, walikozikwa wachezaji wale, jirani na Uwanja wa Independence.