Vipimo safi, lakini mwili bado unauma

KICHWA kinagonga, moyo unakwenda mbio, nyayo zinawaka moto. Mama anapimwa malaria, hana. Mkojo uko salama. Anarudi nyumbani na panadol pamoja na neno linalouma kuliko kichwa chenyewe: “Huumwi.”

Kwa familia ya Issuna, wilayani Ikungi, neno hilo lina gharama. Nauli ya Singida mjini inatafutwa upya, dawa za taifodi zinanunuliwa kwa kubahatisha, mwisho gunia la alizeti linauzwa ili mganga alipwe.

Ukweli ni kwamba anaumwa. Sonona na wasiwasi mkubwa ni maradhi, na mara nyingi mgonjwa hasemi ana huzuni. Husema kifua kinabana. Mwili wenye hofu hukaa tayari kama unaokimbizwa: mapigo hupanda, shingo hukaza, tumbo huvurugika. Usingizi ukikatika, maumivu huzidi. Utafiti wa Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta matatizo ya aina hii kwa wagonjwa 24 kati ya 100 katika zahanati na vituo vya afya. Kwa waganga wa jadi walikuwa 48.

Hata hivyo, vipimo vije kwanza. Upungufu wa damu, kisukari na ugonjwa wa tezi ya shingo navyo huleta uchovu au moyo kwenda mbio.

Vikitoka safi, mwambie mhudumu na yale yasiyoulizwa: halali tangu lini, chakula hakimpendezi, hacheki tena na watoto. Hali hiyo ikifika wiki mbili, itajwe. Wengi hunyamaza wakiogopa kupelekwa Mirembe, Dodoma, ilhali wagonjwa wengi wa sonona hutibiwa kwa mazungumzo au vidonge huku wakilala kwao.

Watoto nao wamo. Tumbo linalouma kila Jumatatu asubuhi na kupona Jumamosi si lazima liwe uongo wala minyoo. Muulize taratibu anamwogopa nani shuleni, kabla ya kushika fimbo.

Na mtu akisema heri afe, mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo. Asiachwe peke yake, na dawa za kunyunyizia mazao ziondolewe ndani.